Jinsi ya Kushindana Mbio za Ramani na Dira Mwanza Wakati Mwili Haujarudi Sawasawa

Mbio za ramani na dira hazichorewi njia kwa chokaa wala hazizungushiwi kamba. Mshindani hupewa ramani yenye pembetatu ya zambarau mahali pa kuanzia, miduara midogo kwenye vituo anavyopaswa kuvipitia kwa mpangilio, na miduara miwili, mmoja ndani ya mwingine, mahali pa kumalizia. Namna ya kutoka kituo kimoja hadi kingine huamua mwenyewe. Ndiyo maana mtu aliyetoka kuugua, au aliyekaa miezi kadhaa bila mazoezi, anaweza kuingia katika mchezo huu akiwa na matumaini ya kweli ya kuwatangulia baadhi ya wenye mapafu mazuri kuliko yake. Matumaini hayo yana sharti moja. Kichwa kinachosoma ramani na miguu inayokimbia huchota nguvu katika kisima kimoja, na mtu ambaye kisima chake kimepungua hashindwi kwa sababu anakwenda polepole. Hushindwa kwa sababu anajaribu kwenda kwa mwendo wake wa zamani, mpaka ramani inaacha kumwambia chochote.

Mimi nililijua hilo katika vilima vya mawe vya upande wa Luchelele, wiki tatu baada ya kuugua malaria. Nilipanda kwenda kituo cha pili kwa mwendo niliouzoea, nikafika juu nikihema, nikaitazama ramani na kuona rangi tu. Kwa mtu aliyeishiwa pumzi, mawe yote ya Mwanza hufanana. Nilizunguka mawe manne makubwa kwa dakika 14, nikiinama kutafuta kitambaa cha kituo katika kila upenyo, na pimbi wakinitazama kutoka juu, kumbe nilikuwa nimesimama kwenye kilele cha jirani. Kwa dakika hizo 14 ningeweza kutembea taratibu hadi kituo cha tatu.

Amua kwanza kama unapaswa kushiriki

Kupungukiwa mazoezi ni jambo moja na kuwa mgonjwa ni jambo jingine, na mwongozo huu unamhusu mtu wa kwanza pamoja na yule aliyekwisha kupona lakini hajarudisha nguvu. Mafua mepesi yanayoishia puani na kooni hayamzuii mtu kwenda polepole. Homa, kikohozi cha kifuani, kuharisha, maumivu ya misuli ya mwili mzima au mapigo ya moyo yanayokwenda mbio hata ukiwa umeketi ni sababu za kubaki nyumbani, hata kama ada ya ushiriki imelipwa na marafiki wanakusubiri.

Malaria inahitaji neno lake, kwa kuwa katika Kanda ya Ziwa ndiyo sababu ya kawaida ya mtu kufika kwenye mashindano akiwa nusu. Aliyemaliza dozi ya dawa mseto, zile awamu sita zinazomezwa kwa siku tatu, mara nyingi hujiona mzima mara tu homa inapoondoka; lakini malaria huvunja chembe nyekundu za damu, ambazo ndizo zinazobeba oksijeni, na damu hairudi kwa kasi ya homa kuondoka. Kuna jambo la pili ambalo wakimbiaji hawalisemi sana: bandama huweza kuvimba wakati wa malaria, na bandama iliyovimba inaweza kupasuka mtu akianguka vibaya juu ya jiwe. Kwa hiyo, kabla ya kujiandikisha, rudi kwa mganga aliyekutibu umwulize maswali mawili tu: wingi wa damu umefika kiasi gani, na je, akikupapasa tumbo anaisikia bandama? Ikiwa anaisikia, mashindano yajayo yapo.

Kwa aliyeteguka kifundo cha mguu, jipime siku mbili kabla, ukiwa peku: simama kwa mguu ulioumia kwa nusu dakika bila kushika kitu, ruka mbele mara kumi kwa mguu huohuo, kisha shuka ngazi ndefu bila kushika ukuta. Ukishindwa jaribio lolote kati ya hayo, usiende mawemawe. Na usimeze diklofenaki asubuhi ya mbio ili ufaulu, kama wengi wafanyavyo. Dawa hiyo huficha maumivu ambayo yangekuonya, na ikikutana na mwili uliokaukiwa maji juani huyapa mafigo kazi ya hatari.

Kuchagua njia ya mashindano

Tangazo zuri hutaja urefu wa kila njia, yaani kila mfululizo wa vituo uliotengwa kwa daraja fulani la washindani, na jumla ya mwinuko wake. Usitazame urefu peke yake. Urefu huo hupimwa bila kuhesabu makosa na mizunguko utakayoifanya wewe, na katika vilima vya Mwanza mwinuko ndio unaomaliza watu. Hesabu inayotosha ni kuichukua kila mita 1 ya kupanda kuwa sawa na mita 10 za tambarare. Njia ya kilomita 4 yenye mwinuko wa mita 160, yaani asilimia 4, kiwango ambacho miongozo ya kimataifa huwashauri waandaaji wasikivuke kwa kawaida, inakuwa sawa na kilomita 5.6. Kama kwa sasa unatumia dakika 10 kwa kilomita moja ukichanganya kutembea na kukimbia, hiyo ni karibu saa nzima hata usipopotea mahali popote. Jiulize kama una saa nzima mwilini. Kama huna, shuka daraja, na usione haya, kwa kuwa njia fupi mara nyingi ina vituo vya kufikirisha kama ile ndefu.

Mashindano ya pointi, ambayo vituo huchukuliwa kwa mpangilio wowote ndani ya muda uliowekwa, humfaa zaidi mtu asiye fiti, kwa sababu anaweza kukata safari wakati wowote na bado akahesabiwa. Soma tu masharti ya kuchelewa, maana kila dakika inayozidi huwa na adhabu, na anayechoka mwishoni ndiye anayechelewa.

Pima hatua zako upya

Hili watu hulipuuza, nalo ni la lazima. Wengi wetu hukadiria umbali kwa kuhesabu hatua pacha, yaani kila mguu wa kulia unapokanyaga. Mtu mwenye nguvu zake anayekimbia vizuri huhesabu takriban 40 kwa mita 100, na anayetembea huhesabu 60 na kitu. Mwili ukichoka, hatua hufupika bila mwenyewe kujua, na hesabu ya zamani inakuwa uongo: unafika 40, unaamini umemaliza mita 100, unaanza kutafuta kituo ambacho bado kiko mbele yako.

Nenda kwenye uwanja wa shule na futi kamba, upime mita 100 mwenyewe, kwa kuwa viwanja vya mpira havilingani urefu. Hesabu hatua zako mara tatu: ukitembea, ukikimbia taratibu, na ukikimbia taratibu baada ya kuzunguka uwanja mara nne. Hesabu ya tatu ndiyo utakayoitumia siku ya mbio. Kisha tafuta mlima mdogo ufanye vivyo hivyo kwenye mteremko na kwenye mpando, na uandike namba hizo kwa kalamu ya wino nyuma ya mkono.

Ukiwa uwanjani hapo, jipime pia kasi ya kusoma. Kimbia ukiwa na ramani yoyote, hata ya mtaa, ukijitamkia sentensi nzima kuhusu unachokiona: "Nimeacha barabara kulia, nakwenda kaskazini, mbele kuna korongo." Kasi ambayo bado unaweza kuimaliza sentensi bila kuikata kwa pumzi ndiyo kasi yako ya mashindano. Ikiwa ni kasi ya kutembea, basi ni hiyo.

Kuhusu dira nitasema machache. Dira iliyosawazishwa kwa nchi za kaskazini ya dunia huinamisha sindano upande mmoja inapotumika huku kwetu, sindano ikakwaruza na kukwama. Kabla ya kuazima dira ya mtu, ilaze kiganjani uzunguke nayo polepole uone kama sindano inaelea. Jua nalo lisikudanganye saa za mchana. Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, na kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana huwa upande wa kaskazini, na miezi mingine huwa kusini. Zaidi ya hayo, kwa kuwa tuko magharibi ya mstari unaoongoza saa zetu, jua hufika utosini karibu saa saba kasorobo, si saa sita kamili. Waandaaji wakikuruhusu kuchagua, omba kuondoka mapema.

Asubuhi ya mbio

Kula saa mbili kabla, chakula ambacho tumbo lako linakijua. Uji na ndizi mbivu hutosha, na vipande vichache vya matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, mfukoni ni chakula kizuri cha njiani ambacho Wasukuma walikigundua zamani kabla ya biskuti za wanamichezo. Kama ulikuwa unaharisha wiki iliyopita au unatoka jasho jingi, tengeneza maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Beba maji yako mwenyewe. Maji ya ziwa si ya kunywa, wala usikatize ndani yake kufupisha safari, kwa sababu kwenye matete ya ukingoni ndiko wanakoishi konokono wa kichocho, na viboko na mamba hawaonyeshwi kwenye ramani.

Ukiwa njiani

Tembea hadi kituo cha kwanza. Nasema tembea, hata kama waliokuzunguka wameondoka kama swala. Kituo cha kwanza ndipo unapoizoea skeli na mkono wa mchoraji: jiwe la ukubwa gani amelipa nukta nyeusi, na kichaka cha namna gani amekipaka kijani. Ikunje ramani ibaki sehemu unayoihitaji, weka kidole gumba pale ulipo, kisogeze kila unapopita alama, na igeuze ramani kaskazini yake ielekee kaskazini ya dira. Mtu mwenye nguvu akipoteza mahali pa kidole kwenye ramani anaweza kukimbia huku na huko mpaka ajipate. Wewe huna akiba hiyo.

Uchaguzi wa njia kati ya kituo na kituo ndio moyo wa mambo yote. Chukua mfano wa vituo viwili vilivyotenganishwa na kilima, kwenye ramani ya skeli ya 1:10,000 yenye kontua, yaani mistari ya mwinuko, za kila mita 5. Mstari ulionyooka una sentimita 6, ambazo ni mita 600, na unakata kontua 12 za kupanda, ambazo ni mita 60. Njia ya kuzunguka, inayofuata kijia cha kando ya ziwa, ina mita 1,000 za tambarare. Kwa hesabu yetu ya mara kumi, kilima ni sawa na mita 1,200, kwa hiyo hata aliye mzima anapata nafuu kidogo akizunguka. Kwa asiye mzima nafuu hiyo ni kubwa zaidi, na mimi binafsi ninapokuwa dhaifu huzidisha mwinuko mara 15 badala ya mara 10. Lakini sababu kubwa ya kuzunguka si mita hizo. Anayezunguka anafika upande wa pili akiwa bado anasoma, na ziwa limekuwa mkononi mwake muda wote kama ukuta wa nyumba gizani. Anayepanda anafika kileleni akiwa na pumzi juujuu, na kazi ngumu ya kukitafuta kituo katikati ya mawe ndiyo kwanza inaanza.

Kwa hiyo kila mara jiulize mambo matatu kabla ya kuondoka kituoni: ni alama gani ndefu ninayoweza kuifuata, kama vile barabara, ukingo wa ziwa, korongo au ukingo wa shamba, ni alama gani kubwa iliyo karibu na kituo nitakayoifikia kwa uhakika kabla ya kuingia kwenye mambo madogo, na ni kitu gani kitakachonizuia nikipita kituo bila kukiona. Kwenye vilima vinavyoangalia ziwa swali la tatu lina jibu rahisi mno. Kama unatafuta makutano ya vijia yaliyo kando ya maji, usilenge makutano yenyewe: lenga kwa makusudi mita 50 kushoto kwake, ili ukilifikia ziwa ujue bila shaka kwamba unapaswa kugeuka kulia.

Hata hivyo, ukingo wa ziwa si mstari usiohama. Mwaka 2020, na tena 2024, maji yalipanda hata kumeza fukwe na vijia vilivyokuwa vikavu miaka mingi, na magugu maji yakisongamana ghubani huonekana kwa mbali kama uwanda wa majani. Uliza kabla ya kuanza ramani ilihakikiwa lini. Kuna vikwazo vingine ambavyo hakuna mchoraji anayeweza kuvitabiri. Katika mbio moja nilichagua kwa furaha kukatiza mwamba mpana uliopakwa kijivu kwenye ramani, ambao ni alama ya mwamba mtupu unaokimbilika, nikaukuta siku hiyo umeng'aa wote kama fedha: dagaa walikuwa wameanikwa kutoka ukingo hadi ukingo, na mama mmoja ameketi na ufagio akiwafukuza kunguru.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unakimbizwa na nani?"

"Hakuna mama, ni mashindano tu."

"Basi wenzako wamepita kule juu, kimbia utawakuta."

Nilizunguka mwamba kwa chini, kwa sababu hakuna kituo chenye thamani ya kukanyaga dagaa wa mtu. Ushauri wake nao sikuuomba, na kanuni zinakataza mshindani kutafuta msaada wa kuonyeshwa njia. Lakini hapa Mwanza utaonyeshwa tu, kila mtaa, kwa nia njema kabisa. Itikia salamu, shukuru, kisha fuata ramani yako, kwa kuwa waliopita juu wanaweza kuwa wa njia nyingine kabisa. Kosa la kuwafuata wenye mbio ni baya kwa yeyote. Kwa asiye fiti ni baya maradufu, maana watakuacha katikati ya safari mahali ambapo hukuwa ukijua uko wapi. Kwenye kila kituo linganisha namba iliyoandikwa na ile ya karatasi yako ya maelezo kabla ya kutoboa kadi inayothibitisha kwamba umefika.

Kupanda huchosha, ila kushuka ndiko kunakovunja. Mapaja yaliyolegea hayamzuii mtu kwenye mteremko, na granaiti iliyolainishwa na nyayo huteleza kama sahani ikipata manyunyu. Shuka kwa kutembea, ukikata kontua kimshazari. Usirukie jiwe kutoka jiwe. Usitie mkono kwenye mwanya usiouona ndani, kwa kuwa nyoka hupenda kivuli kilekile unachokitamani wewe. Kwenye mbio za mitaani, katika ngazi na vichochoro vya milima yenye nyumba kama Isamilo au Mabatini, mambo ni hayohayo, isipokuwa skeli: kwenye 1:4,000 sentimita moja ni mita 40 tu, na aliyezoea ramani za porini huvipita vichochoro viwili kabla hajajua.

Kuacha

Amua ukiwa bado umeketi nyumbani, si ukiwa juani, ni mambo gani yatakayokufanya uache. Yangu ni manne, nami huyaandika pembeni mwa ramani: kizunguzungu, baridi au kutetemeka kwenye jua, maumivu ya kifua au ya ubavu wa kushoto chini ya mbavu, na kusoma kituo kimoja mara tatu bila kukielewa. La nne linaonekana dogo kuliko mengine, lakini mara nyingi ndilo linalotangulia.

Ukiacha, usitafute njia fupi. Nenda kwenye barabara au kijia kikubwa kilicho karibu, fuata hicho hadi mwisho, na kwa vyovyote vile uripoti kwenye meza ya kumalizia na kutoa kadi yako. Anayepanda bodaboda na kwenda kulala bila kusema huwaacha watu wakimtafuta milimani hadi usiku, na nimewahi kuwa mmoja wa waliotafuta. Ukishindwa kutembea, kaa kivulini na upulize filimbi mara sita ndani ya dakika moja, upumzike dakika moja, urudie; ukisikia filimbi tatu, umejibiwa. Nawe ukimkuta mwenzako ameumia, mbio yako imeishia hapo, na kanuni zinasema hivyo bila kubakiza.

Ukimaliza, kunywa na ule kabla ya kuanza kusimulia. Jioni ileile, kabla kumbukumbu haijafifia, chora kwa kalamu nyekundu njia uliyopita kweli, uandike dakika za kila kituo na kuweka alama mahali uliposimama, uliporudi nyuma na ulipohema usiweze kusoma. Pima joto la mwili asubuhi inayofuata. Homa ikiwa imerudi, nenda ukapime damu siku hiyohiyo.